Karai Lililopikiwa Ng'ombe

Watu wanasema umoja wetu uliharibiwa na siasa. Uongo mtupu. Uliharibiwa na karai la hekalu, lile kubwa la chuma lenye mikono miwili, linalopikia watu mia kwa mpigo.

Hopeman ni kijiji cha Weusi, Blijdorp ni cha Wahindi, na katikati kuna mfereji mmoja na lango moja la kutolea maji baharini, ambalo sisi huliita koka. Koka limekwama, huu mwaka wa kumi na moja. Bahari ikijaa na mvua ikinyesha, maji yanaingia kwa mama yangu, maana nyumba yake iko pale pale langoni. Kitanda chake tumekipandisha juu ya matofali. Miguu yake ina vidonda visivyopona. Kuhama hataki, kwa sababu nyumba aliijenga marehemu baba, Cuthbert Quamina, mlinzi wa koka, mtu mweusi wa Hopeman. Mama ni Parbattie Sukhai wa Blijdorp. Mimi ni Savitri Quamina, fundi cherehani, chotara, na kila upande ukikasirika huniambia "hao watu wako".

Uchaguzi wa baraza ukija, Hopeman wanapiga kura ili Blijdorp wasipate, Blijdorp nao hivyo hivyo, na wale wale wasiojali koka wanapita katikati wakicheka. Mwaka huu nikasema basi, imetosha. Miezi sita nimekwenda na kurudi kama sindano ya cherehani mpaka nikawakalisha wawili pamoja: Mwalimu Orin Tappin, mkuu wa shule mstaafu wa Hopeman, na mjomba wangu Deonarine Sukhai, mkulima wa mpunga na katibu wa hekalu la Blijdorp. Orodha moja ya wagombea, na kazi ya kwanza koka. Walikaa dukani kwangu. Kwa mama, mjomba hajakanyaga tangu siku mama alipoolewa na baba, miaka thelathini na minane.

Tukafanya mkutano wa kwanza Jumatano, uwanja wa shule. Mjomba mwenyewe akajitolea kuazima karai la hekalu. Bi Eulene, mke wa Mwalimu, akapika wali wa kunde na tui. Watu wakaja, jamani, wa pande zote mbili, wakakaa wamechanganyika, nikajiambia Savi, leo umeweza.

Ndipo Bi Eulene akachukua kipaza sauti kuwakaribisha wageni. Kwa furaha yake yote akasema, "Ndugu zetu wa Blijdorp, msiwe na wasiwasi! Ninyi nimewapikia kuku, tena kwenye sufuria yangu ya harusi, ile ninayoificha kabatini. Nyama ya ng'ombe ya chumvi ni ya sisi wenyewe tu, nimeipika kwenye hilo karai kubwa!"

Watu wa Blijdorp wakaweka sahani chini.

Bi Eulene hakuwa na ubaya. Alifikiri heshima ni kumpa mgeni chombo chako kizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba lile karai ndilo linalopikia sadaka ya hekaluni, na halijaonja hata yai tangu linunuliwe. Mimi nilijua na sikumwambia, nilikuwa nahangaika na viti. Hilo ni langu na nitakufa nalo.

Mjomba angeweza kunong'ona. Angeweza kuniita pembeni. La! Akapokonya kipaza sauti akasema, "Ndiyo maana wazee walituambia, mtu mweusi umpe hata dhahabu, atakurudishia majivu." Mwalimu Tappin, msomi mzima wa miaka sabini, akakipokonya naye: "Kuli atabaki kuli!" Kuli ndilo tusi la Wahindi huku kwetu, tangu babu zao waletwe kuwa vibarua mashambani. Mimi, kwa kuwa ni nusu ya hili na nusu ya lile, nilitukanwa kamili.

Fomu ya wagombea ilitakiwa ofisi ya uchaguzi Jumatatu kabla ya saa sita mchana, ikiwa na sahihi tatu: ya Mwalimu, ya mjomba, na yangu kama wakala wa orodha. Siku tano. Zote nilizimaliza nikibeba samahani ambazo hazikuwa samahani.

Mjomba akanipa ya kwanza: "Mwambie, kama kuna mtu ameumia, nasikitika."

Nikaipeleka Hopeman. Mwalimu akavua miwani. "Kama? Kama, Savitri? Mwanafunzi akiniandikia hivyo nampa sifuri."

"Basi nipe yako, Mwalimu."

"Mwambie najuta kwamba alinilazimisha kusema nililosema."

"Ala! Hiyo nayo ni samahani?"

"Aanze yeye. Yeye ndiye aliyeanza."

Nikarudi Blijdorp. Mjomba akasema, "Aanze yeye, karai ni letu. Ni la watu wako hilo kosa."

"Mjomba, watu wangu ni wewe!"

Akajifanya kutazama mpunga.

Bi Eulene masikini alilisugua karai mara nne, kwa majivu na kwa ndimu, akalirudisha linang'aa. Kamati ya hekalu ikakataa kulipokea. Hopeman nao wakakataa lirudi kwao, wakasema ni dharau. Likatupwa ukingoni mwa mfereji, karibu na kwa mama. Na mama, ambaye hajawahi kutupa hata kifungo, akaliingiza ndani.

Jumapili jioni nilifika mwisho wangu. Nikawapigia simu wote wawili, maneno yale yale: "Fomu iko kwa mama yangu. Anayetaka kutia sahihi aje kesho saa nne. Ikifika saa tano naiwashia jiko." Nikakata kabla hawajajibu. Mjomba akapiga mara tatu, sikupokea. Shauri yake.

Jumatatu mvua ilianza alfajiri, na bahari ikajaa. Nilipofika kwa mama maji yalikuwa juu ya kifundo cha mguu, sebuleni, na mama na vidonda vyake yumo ndani anayachota kwa karai la hekalu. Karai hilo halibebeki na mtu mmoja. Alikuwa analijaza nusu, analiburuta mpaka mlangoni, analiinamisha.

"Mama, toka humo!"

"Nitoke niende wapi? Shika upande huo."

Saa nne kasoro, Mwalimu na Bi Eulene wakaja na mwavuli mmoja. Bi Eulene alipoona tunachochotea, akasimama kidogo, kisha akavua viatu. "Savi, nipishe." Akashika mkono mmoja wa karai, mama mwingine. Mwalimu akabaki ngazini na mwavuli, akisema maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia haya hapa yanazoleka, achukue ndoo. Akachukua.

Mjomba alifika saa nne na nusu. Akaegesha gari upande wa pili wa daraja la mfereji, ambako ndiko huishia siku zote, akasimama chini ya mvua akitutazama. Kofia yake ilikuwa inachuruzika. Nilikuwa tayari nimeshika kiberiti, wallahi, na ningeiwasha ile fomu.

Sijui alichokiona. Labda miguu ya mama. Alivuka daraja, akaingia ndani na viatu vyake, akamwondoa mama mkono kwenye karai akalishika yeye. Kwa hiyo upande mmoja Deonarine Sukhai, katibu wa hekalu, na upande wa pili Bi Eulene Tappin, na katikati karai lililopikiwa ng'ombe. Wakabeba la kwanza, wakamwaga. La pili, wakamwaga.

La tatu Bi Eulene akasema, "Bwana Sukhai, nilipaswa kuuliza. Niliona haya kuuliza. Miaka yote hii tunaishi mfereji mmoja, nikaona nikiuliza mtajua sijui kitu chenu hata kimoja. Nimekosa. Nisamehe."

Mjomba akaweka karai chini. "Na mimi maneno yale," akasema.

"Yapi?" Mwalimu akadakia kutoka kwenye ndoo yake.

"Orin, acha!" mkewe akamwambia.

"Aseme yapi."

Mjomba akayasema. Akayarudia neno kwa neno, la dhahabu na la majivu, akimtazama Bi Eulene usoni. "Niliyasema, na nilikuwa nayaamini nilipoyasema. Ndiyo aibu yangu. Nisamehe, dada yangu."

Mwalimu akakohoa sana. Akasema na yeye neno lile la kuli ni neno la bwana mwenye mashamba, na alilisema kwa mdomo wa mjukuu wa watumwa, na akifikiria hivyo hapati usingizi. Nikasema nashukuru, Mwalimu, sahihi hapa. Akatia. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tano. Mjomba akaipokea kalamu.

Nikaifunika fomu kwa kiganja.

Maana mama alikuwa ametoka jikoni na kikombe cha chai. Chai hiyo anaitengeneza kila mara gari la mjomba linaposimama ng'ambo ya daraja. Miaka thelathini na minane. Inapoa, anaimwaga.

"Dada yangu" amemwita Bi Eulene. Dada yake wa tumbo moja amesimama hapo maji yamemfika miguuni, hajamtupia hata salamu!

"Savi, muda," Mwalimu akasema.

"Hutii sahihi hapa, mjomba, mpaka unywe chai ya mama yangu."

"Savitri," mama akasema, "muache, ana haraka."

"Haraka ya nini? Alikuwa na miaka thelathini na minane!"

Nilikuwa napiga kelele, najua. Nilikuwa nalia pia. Mjomba akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Nimetia vijiko vitatu," mama akamwambia. "Ulikuwa hunywi bila vitatu. Ukiwa mdogo ulikuwa unalia."

Akanywa. Alisimama majini, akanywa mpaka tone la mwisho, akamrudishia kikombe, akasema, "Ni tamu vile vile, dada." Mama akakiosha palepale, akakifuta, akakirudisha kabatini. Ndipo nikaondoa kiganja.

Fomu tuliifikisha zimebaki dakika nane, tena karani alikuwa ameshafunga dirisha moja. Niliendesha mimi, gari la mjomba, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka. Nikadhani ni baridi. Nikamwambia avue hilo shati.

"Si baridi," akasema. "Nina kisukari, Savi. Mwaka wa tisa huu."

Karibu niingize gari mferejini. "Vijiko vitatu! Sasa mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini? Kwamba miaka yote hii nimeugua na yeye hajui?"

Akageuza uso dirishani. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na mengine ya matusi. Nikamuuliza dawa zake ziko wapi, akasema zimo kwenye droo ya gari, nikamtolea.