Kola ya Ekzosi

Kola ya tatu ilitoka motoni ikiwa imejaa mapele. Nekesa aliigonga kwa kucha, ikalia kama debe bovu, naye akajua kabla hata ya kuipasua kwamba tabaka za ndani hazikushikana.

"Lete nione," alisema Wesonga, mwenye karakana, ambaye tangu Nekesa alete cheti chake cha ufundi alimwita Diploma. Aliigeuza mara mbili. "Diploma, hii hata kwenye mkokoteni siwezi kuifunga."

Karakana yao ya mtaa wa Ziwani, Nairobi, ilijulikana kwa bampa na makarai ya faibaglasi. Mwaka huo wa 1995 Nekesa ndiye aliyeileta kazi ya magari ya mashindano. Zubair, dereva wa mbio za magari kutoka Donholm, alikuwa na tatizo moja: ekzosi ya gari lake, bomba la kutolea moshi, ilitema moto mpaka bampa ya nyuma ikayeyuka. Alitaka kola ya kuzunguka mdomo wa ekzosi, iwe nyepesi kuliko chuma na isiungue. Nekesa akamwambia itatengenezwa papa hapa. Zubair akacheka sana, kisha akampa mpaka Jumamosi. Ikishindikana, angeagiza Ulaya, nao wangerudia makarai yao.

Nekesa alikuwa na vitambaa vya glasi na rezini ya kahawia ya kuvigandisha, ile gundi ya kutengenezea pedi za breki, ambayo ikishaiva haiogopi moto. Shida ilikuwa kuiva kwenyewe. Kila alipoteleka kalibu ya kuumbia kola juu ya jiko, kola iliungua chini, juu ikabaki mbichi, na mvuke uliofungiwa katikati ukaivimbisha.

Alhamisi adhuhuri alikaa kizingitini kwa jirani yao, Bi Shamsia, aliyepikia watu wa arusi, akamsimulia yote. Bi Shamsia alisikiliza huku akipepeta mchele.

"Na umeipalia?"

"Nipalie nini, Bi Shamsia? Mimi nimepalia mahindi Bungoma tangu darasa la pili. Kwenye kola hakuna magugu."

Bi Shamsia aliweka ungo chini ili acheke vizuri. "Masikini mwanangu. Na cheti wamekupa?" Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Wali ukikaribia kukauka, unapunguza moto wa chini, unatia makaa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia. Chini machache, juu mengi. Unaiva wote, na hauungui."

Nekesa aliona haya, kisha haya ikageuka furaha. Wiki nzima alikuwa akihangaika na vitabu vya Kiingereza vyenye michoro ya majoko ya umeme, kumbe ufundi wote ulikuwa umekaa ndani ya neno moja la jikoni, tena la lugha aliyojiona anaijua.

Kesho yake walianza asubuhi. Wesonga alikata bati zito la kufunika kalibu, akaliachia tundu dogo la mvuke. Bi Shamsia alivuta kigoda, akawa anasogeza kiganja karibu na bati na kutoa amri.

"Punguza chini. Juu ongeza mawili. Mawili, Wesonga, si gunia."

"Mama, mimi nina miaka ishirini kwenye kazi hii."

"Na wali wako nimeuonja."

Saa kumi alasiri wakafungua. Kola ilikuwa nyeusi, laini, haina hata pele moja. Nekesa aliigonga, nayo ikajibu kwa mlio mkavu uliokaza.

Jumamosi Zubair aliifunga kwenye gari, akalikimbiza kwenye barabara ya vumbi nyuma ya Mukuru kwa Njenga kwa saa nzima. Aliporudi pale Nekesa na Wesonga walipomngojea, bomba lilikuwa jekundu. Nekesa alipiga magoti, akapitisha mkono kwenye bampa. Ilikuwa vuguvugu tu. Kola haikuwa na ufa.

Zubair alichutama kando yake. "Sista, nifanyie nyingine sita. Nitawauzia madereva wenzangu." Akashusha sauti. "Ila nitabandika stika ya Ujerumani. Wakisikia ni ya Ziwani hawatanunua."

Nekesa alimnyooshea Wesonga mkono. "Nipe spana namba kumi."

Alivaa glavu, akaanza kulegeza boliti ya kwanza. Zubair alimtazama Wesonga ili amsaidie, lakini Wesonga alikuwa ameshughulika kumpa Nekesa taa aone vizuri, mchana huo wa jua kali. Boliti ya kwanza ikatoka. Nekesa akashika ya pili.

"Basi, basi," alisema Zubair. "Andika unavyotaka."

Nekesa aliirudisha ile boliti na kuikaza, kisha akachukua msumari na kuchora pole pole pembeni mwa kola, kwa herufi kubwa ambazo gari la nyuma lingeweza kuzisoma: ZIWANI, NAIROBI.