Duka Lisilo na Vidole

Dada mtu alikuwa fundi wa magauni, na kwa miaka kumi na tisa wateja wake walimfuata kwenye chumba kimoja cha mbele, kilichobanana na duka la dawa. Sasa mwenye duka la dawa alitaka kulipanua, na chumba kilikuwa mali yake. Alimpa fundi miezi miwili, tena kwa adabu, kwa hiyo hapakuwa na la kugombania.

Mlango mwingine ulikuwa wazi. Kiwanda cha sare alichowahi kukifanyia kazi usichanani kilimwita arudi kushona kola. Kola tu, mia mbili kwa siku, shati lenyewe hulioni. Msimamizi alitaka jibu Ijumaa ya mwisho ya miezi hiyo miwili. Fundi alipolisimulia jambo hilo nyumbani kwa mdogo wake, alilisema kama mtu anayezungumzia mvua, lakini chai yake ilipoa bila kuguswa.

Mdogo wake huyo alikuwa mpiga chapa. Umri wake wote ulikwenda kwenye kadi za mialiko, risiti na fomu za shule, na alipofika miaka hamsini na moja, mashine zikiwa zimeanza kukaa bure, akajiandikisha masomo ya jioni ya kutengeneza tovuti. Darasani walimwita Babu. Alikaa mstari wa mbele kwa sababu ya macho, akaandika kila kitu daftarini, hata mizaha ya mwalimu. Na kila jioni, kabla hajawasha kompyuta, aliinamisha kichwa na kumwomba Mungu ampe akili ya kushika na moyo wa kutokata tamaa.

"Usiwajibu kwanza watu wa kiwanda," alimwambia dada yake. "Nitakutengenezea duka kwenye simu za wateja wako. Utashonea nyumbani, wao wataagiza wakiwa makwao."

"Wewe? Saa ya ukutani ilikushinda."

"Saa haikuwa na mwalimu, dada."

Fundi akacheka mpaka akafuta macho, akakubali. Mke wa mpiga chapa, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, alisema wifi yake akirudi kiwandani wao wote watavaa kola tupu, kwa hiyo afadhali wajaribu.

Kazi ilimchukua mpiga chapa wiki tatu. Alipiga picha za magauni mchana, karibu na dirisha. Maandishi aliyafanya makubwa, maana aliwajua wateja wa dada yake: wauguzi, walimu, wake wa wachungaji, wanawake waliokwisha kuzaa na kulea, wasio na muda wa kufinya macho. Lakini alichojivunia zaidi ni fomu ya vipimo. Visanduku vinne vilivyonyooka kama askari: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Ukiacha kimoja wazi, kitufe cha kuagiza kinagoma. Mwalimu wa jioni aliisifu mbele ya darasa zima, na Babu akarudi nyumbani akitembea kama aliyeongezwa urefu.

Maagizo yakaja. Jioni aliketi mezani kwa dada yake, akafungua kompyuta na kumsomea namba moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mtangazaji. Mke wa mchungaji, kiuno sabini na nane. Mwalimu Mkuu, themanini. Fundi aliinua macho kidogo aliposikia themanini, akayashusha tena, akaandika. Akashona kama alivyoandikiwa.

Magauni yalikuwa kumi na moja, na manane yakarudi.

Hayakurudi kwa matusi, maana wateja wale walimpenda fundi wao. Yalirudi yamekunjwa vizuri, na vikaratasi vya adabu ndani. Mmoja aliandika kwamba zipu ilifika katikati ya mgongo ikakata shauri la kubaki hapo. Mwalimu Mkuu, mwanamke mwenye kifua cha kuheshimika na sauti ya kunyamazisha uwanja wa shule, aliandika neno moja tu: kwamba gauni limemfaa sana binti yake wa sekondari.

Mpiga chapa alikagua fomu usiku na mchana. Hesabu ilikuwa sawa. Sentimita zilikuwa sentimita. Akashika tama. Dada yake hakumlaumu hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko lawama. Aliketi tu akifumua mishono, uzi kwa uzi, na siku moja alimwuliza, kama kwa bahati, kama anajua basi la kwenda kiwandani siku hizi linapita saa ngapi.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya Ijumaa ya jibu.

Alasiri hiyo mpiga chapa alikwenda chumba cha mbele, akakaa kwenye stuli nyuma ya pazia, akasikiliza jinsi dada yake anavyofanya kazi. Aliingia muuguzi mmoja. Fundi alimzungushia futi kamba huku akimwuliza habari za mwanawe aliyefaulu mtihani. Yule mama akawa anasimulia kwa furaha, na wakati huo futi ikamaliza safari yake. Hakuna namba iliyotajwa. Fundi aliandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga, wakaendelea na habari za mwana.

Muuguzi alipoondoka, mpiga chapa alimwuliza dada yake mbona hakumwambia mteja vipimo vyake.

"Nimwambie ili iweje? Mwanamke akiona futi anavuta pumzi ndani. Namwacha avute. Kisha naongeza vidole viwili, ili akifika nyumbani apate mahali pa kupumulia."

"Na akivuta sana?"

"Naongeza vitatu. Namwona, si niko naye hapa?"

Mpiga chapa akasema kwamba jambo ni rahisi: ataifundisha tovuti iongeze vidole viwili kwa kila mtu. Dada yake akatikisa kichwa. Magauni matatu hayakurudi, alimkumbusha. Wale watatu waliandika ukweli, na ukiwaongezea watavaa magunia. Waliobaki, kuna aliyepunguza kidogo na kuna aliyepunguza mpaka akawa mtu mwingine. Tovuti yake haina macho ya kujua nani ni nani.

Mpiga chapa alirudi nyumbani amefika mwisho wa maarifa yake. Aliomba akiwa amesimama jikoni, mkono kwenye friji, maneno machache tu: kwamba kama kuna mlango, aonyeshwe, na kama hakuna, apewe nguvu ya kumsindikiza dada yake kituoni bila kulia.

Kisha akakumbuka kwamba gauni moja kati ya yale kumi na moja lilikuwa la mke wake. Halikurudi, kwa kuwa lilikuwa humo humo ndani. Wala hakuwahi kumwona amelivaa. Akaenda chumbani kumwuliza.

Mkewe aliketi kitandani, akalitazama kabati, akamtazama yeye, akaanza kucheka.

"Ndani ya lile sipumui, baba. Nilipunguza."

"Ulinidanganya mimi? Mumeo?"

"Si wewe. Ni kile kisanduku chako. Kinaniuliza kiuno kama karani wa polisi. Halafu najua jioni utakwenda kumsomea wifi kwa sauti ya redio, na wifi yangu ninavyomjua, angenitania mpaka siku ya kuzikwa. Nikaandika kiuno cha harusi yetu."

Mpiga chapa alikaa chini. Alikuwa ameziona namba kama herufi za chapa, ambazo hazina aibu. Hakuwa amefikiria kwamba nyuma ya kila kisanduku palikuwa na mwanamke amesimama peke yake na futi mkononi, amevuta pumzi, hakuna wa kumwuliza habari za mwanawe.

"Basi nifanyeje?" aliuliza, na aliuliza kweli.

Mkewe aliinuka, akachomoa kabatini gauni la nyumbani lililopauka, lenye kiraka kwenye kwapa, akalirusha kitandani na kulinyoosha kwa kiganja.

"Pima hili. Hili linanijua. Nikila, nikiinama, nikilala nalo, halilalamiki."

Akalipima likiwa limelazwa. Kutoka kwapa hadi kwapa. Kiuno upande hadi upande, akazidisha mara mbili. Tofauti na namba ya kwenye fomu ilikuwa sentimita kumi na moja. Alifungua mdomo, akaufunga, akaandika kwenye kikaratasi na kukitia mfukoni. Mkewe alimpiga bega, akimtazama kama mtu aliyeona mumewe amekua.

Siku mbili zilizofuata alivifuta visanduku vile vinne. Mahali pake aliweka maneno ya kawaida: Chagua gauni unalolipenda kuliko yote, lile unaloweza kukaa nalo kutwa. Lilaze kitandani. Chini yake picha ya lile gauni la mkewe, kiraka na vyote, na mistari kuonyesha futi ipite wapi. Hakuna neno kiuno, hakuna neno nyonga. Kuzidisha mara mbili kulifanywa na tovuti yenyewe kimya kimya, na orodha ilikwenda moja kwa moja kwenye simu ya fundi bila kupita kwa mtu. Mwalimu wa jioni alisema ukurasa umepoteza unadhifu wake. Babu alimshukuru kwa maoni, akauacha kama ulivyo.

Fundi mwenyewe alimpigia simu Mwalimu Mkuu, akamwomba ajaribu mara moja ya mwisho. Vipimo vilikuja Jumatatu. Fundi alivitazama sana, mkasi mkononi, vidole vyake vikitaka kuongeza kama vilivyozoea. Akavizuia. Alikata kitambaa kwa vipimo kama vilivyokuja, akashona siku mbili, akalituma gauni Alhamisi asubuhi.

Ijumaa walikaa wote watatu kwa fundi, simu mezani. Asubuhi ikapita. Saa sita ikapita. Mke wa mpiga chapa aliosha vyombo vilivyokuwa safi. Saa tisa na nusu msimamizi wa kiwanda alipiga, na fundi akamwomba, kwa heshima zote, ampe nusu saa.

Ujumbe wa Mwalimu Mkuu uliingia dakika kumi baadaye. Fundi aliusoma peke yake, kisha akawasomea. Nimekaa nalo kikao cha wazazi, saa tatu nzima, sikulikumbuka hata mara moja. Nishonee la pili, la kijani.

Hakuna aliyeshangilia. Mpiga chapa aliinamisha kichwa na midomo yake ikacheza kidogo. Fundi alichukua simu, akampigia msimamizi, akamshukuru kwa kumkumbuka, akamwambia kola zake zitafutiwe mikono mingine. Msimamizi alisikitika, akamtakia heri. Na kabla hajakata, fundi akamwuliza kwa upole kama mkewe ana simu nzuri.