Kamba ya Kuanikia Nguo

Kila Ijumaa, watu wakishakula cha mchana, mfuko wa ujirani ulipita nyumba kwa nyumba kisiwani. Ulikuwa wa kitambaa kizito, na mdomo wake mpana. Kila mtu aliingiza mkono uliofumbwa, akautoa ukiwa vilevile. Mwenye nacho aliacha, mwenye shida alichukua, na hakuna aliyeulizwa.

Fundi cherehani, mjane wa mtaa wa chini, alichukua wakati akimuuguza mumewe. Baadaye, siku ambazo hakuwa na kitu, aliacha vifungo vya shati, maana aliona haya kutia mkono mtupu. Kamati mpya ya mfuko ilipovikuta vifungo ilimhurumia. Ikaamua mfuko usipite tena kwake, asije akaaibika.

Ijumaa waliyomruka, nyumba yake ilisogea kidogo kuelekea baharini. Ilisogea polepole hivi kwamba cherehani aliyokuwa akishonea haikukata hata uzi. Jirani yake, muuza mkaa, aliirefusha kamba waliyokuwa wakianikia nguo pamoja. Ijumaa iliyofuata akairefusha tena.

Fundi akajikaza kisabuni, akamfuata mwenyekiti wa kamati, mdogo wa marehemu mumewe.

"Shemeji, nyumba inaondoka."

"Nimeiona, shemeji. Pole sana. Tukuletee msaada?"

"Sitaki kuletewa. Nataka mfuko upite kwangu, nitie mkono kama watu."

"Utatia nini, shemeji?"

"Tangu lini mtu akaulizwa?"

Mwenyekiti alisema atalifikisha kwenye kikao. Alikuwa mtu mwema, na kikao kilikuwa na mambo mengi.

Nyumba ilifika mchangani. Ijumaa ile fundi alikaa mlangoni tangu asubuhi, mkono ameufumba. Mbeba mfuko alimsalimia kwa heshima, akapita. Iliuma, na fundi hakuficha kwamba imemuuma. Nyumba ikaingia majini taratibu, na kamba ikaisha. Muuza mkaa alifungua fundo la upande wake, akalia, kisha akarudi kwenye magunia yake. Mlio wa cherehani uliendelea kusikika mpaka ukawa mbali mno.

Kwenye mkutano wa mwaka mwenyekiti alisimama mbele ya watu, shati lake limefungwa vifungo vyote, vile alivyoshonewa na shemeji yake. Alitangaza kwamba sasa mfuko unapita kila nyumba kisiwani, hakuna hata moja inayorukwa. Watu walitazama huku na huku, wakaona ni kweli, wakapiga makofi.