Nyumba Iliyoachwa na Kisulisuli

Kisulisuli kile kilipita Mwashigulu alasiri moja ya mwaka sabini na nane, na kilichagua nyumba kama mlevi anavyochagua njia. Kilitokea upande wa Shinyanga mjini, kikaingia kijijini kwa upande wa mlimani, na kabla mtu hajamaliza kuita watoto ndani, paa za nyasi zilikuwa zikiruka mbugani. Shule ilibaki kuta. Kigango cha Wakatoliki kilibaki na altare, ikinyeshewa. Halafu kikageuka, wala hakuna ajuaye kwa nini, kikaiacha nyumba moja tu imesimama pale bondeni na mabati yake yote. Ilikuwa nyumba ya Felician, fundi wa kuezeka, na mkewe Salvina. Katika Mwashigulu nzima, hiyo ndiyo nyumba pekee ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuikanyaga.

Felician alikuwa ametengwa na nzengo. Nzengo ndiyo majirani wote wa mahali pamoja, wanaolimiana mashamba na kuzikana, na wakikutenga, wamekutenga kweli. Salamu hupati. Moto wa kuazima hupati. Atakayevuka uzio wako anahesabiwa mwenzako, naye atakaa na ukiwa kama unaokaa nao wewe.

Kosa lenyewe? Mzee mmoja jirani alikufa, vijana wote wakaenda kuchimba kaburi, Felician hakuonekana. Siku hiyo alikuwa mjini, juu ya ghala la pamba, anapigilia mabati. Akatozwa fahali, achinjwe, aliwe na wote, mambo yaishe. Lakini Felician naye kichwa chake ni jiwe. Alisema alituma sanda, sanda inatosha, na fahali wake haendi kushibisha wavivu. Salvina alimbembeleza mpaka ulimi ukamkauka. Upande wa pili alikuwepo Silvesta, mkuu wa nzengo, mtu wa kufuata taratibu hata pale taratibu zinapomfuata yeye kumng'ata. Wakavimbiana, na uchungu wote ukamwangukia Salvina, kwa sababu Silvesta huyo ndiye mume wa Anisia, na Anisia ni mdogo wake wa ziwa moja.

Anisia alijifungua katika miezi hiyo. Mtoto wa kiume, akaitwa Telesphori, jina la baba yao. Salvina hakuwahi kumshika. Alimwona kwa mbali tu, mgongoni kwa mama yake njia ya kisimani, na mdogo wake akipita kimya na macho chini. Siku hizo Salvina alirudi nyumbani akapika, akampakulia mwanawe Generosa, yeye mwenyewe chakula kikamshinda.

Basi upepo ulipokwisha ikaanza mvua ya mawe, na baridi ambayo Usukumani si kawaida yake. Salvina alisimama mlangoni akatazama mlimani. Aliona watu wamejibanza chini ya mikokoteni ya ng'ombe, wengine chini ya vitanda vya kamba walivyoviegemeza ukutani. Ndani mwake moto unawaka, sakafu kavu, nafasi tele. Alitega mikono mdomoni akaita, "Njooni ndani jamani, njooni na watoto." Waligeuka, wakamtazama, wakageukia tena mvua yao.

Hakungoja zaidi. Alitia makaa kwenye chungu, akakifunika, akajitanda kitenge na kupanda hadi kwa Silvesta. Aliwakuta wamejikunyata kwenye pembe ya kuta mbili, turubai la pamba limewekwa juu ya vichwa, maji yakipita kila upande. Anisia alikuwa amemkumbatia mtoto ndani ya kanga iliyolowa chapachapa. Pembeni yake alikuwepo mkwewe, bibi Mbuke, na Silvesta ameshikilia turubai lisiruke.

"Shikamoo mayu," Salvina alimwamkia yule bibi.

Bibi Mbuke aligeukia ukuta.

"Shemeji Silvesta, nyumba yangu ni nzima. Twendeni mkalale. Kesho mtanitenga upya mkitaka."

Silvesta alijibu akiitazama mvua, maana hata kuongea naye lilikuwa kosa. "Nzengo haijakaa."

"Fahali yupo zizini, mchukueni sasa hivi. Nakupa mimi."

"Fahali hutolewa na mwenye mji, na wazee wetu, banamhala, wakiwa wamekaa. Felician yuko wapi? Mjini. Banamhala wenyewe nusu yao hawana pa kuweka kichwa. Nitawaita kesho."

"Basi nipe mtoto peke yake. Huyu hajatengwa na mtu. Hajui hata nzengo ni nini."

Hapo Anisia aliinua uso. Salvina aliona mikono ya mdogo wake ikilegea, ikamsogeza mtoto mbele kidogo, kiasi cha shubiri hivi. Naye akanyoosha ya kwake. Ndipo bibi Mbuke akaweka kiganja chake kikavu juu ya mkono wa mkwewe.

"Mpeleke," alisema polepole. "Mpeleke, halafu ukae hukohuko nao. Utachota maji na nani? Ukifa utazikwa na nani?"

Anisia akamrudisha mtoto kifuani. Mimi sitamtetea, na sitamhukumu. Alikuwa mwanamke wa kuolewa katika kijiji cha watu, na aliijua njia ya kisimani inavyokuwa ndefu ukiitembea peke yako. Alimwona dada yake akiitembea kila siku. Salvina aliweka chungu cha makaa chini, miguuni pao, akafikiri labda akiondoka wataona haya kidogo na kukichukua. Aliteremka bila kugeuka nyuma.

Kilio kilianza alfajiri. Salvina alikijua kabla hakijafika mwisho wake, maana sauti ya mdogo wake angeitambua hata katikati ya soko. Alitoka mbio, akafika kwenye uzio wake wa minyaa, akasimama. Msiba nao ulikuwa ni wa nzengo. Akaketi chini palepale, akalia upande wake wa uzio, na matusi aliyoyatukana asubuhi ile hayaandikiki. Kile chungu alikiona kwa mbali kipo palepale alipokiacha, na mfuniko wake.

Felician alifika jua likiwa limepanda, nguo zimemkaukia mwilini, mfuko wa nyundo begani. Mjini nako kulikuwa kumeharibika vibaya. Ghala la pamba alilolipigilia mwenyewe limevuliwa mabati, mengine yamejikunja juu ya reli, na nyumba za mtaa wa Majengo zimelala.

"Umelala wapi?" mkewe alimuuliza.

"Kwenye behewa, stesheni. Watu walifungua mabehewa wakaingia tu, hata wasiojuana. Kuna mama wa Kihaya alinipa shuka, jina lake silijui."

"Mtoto wa Anisia amekufa kwa baridi," Salvina alisema. "Na fahali wako ameshiba, yuko zizini."

Felician aliuegemeza mfuko ukutani, akachukua jembe, akapanda kule walikokuwa wanachimba. Salvina aliyaona yote kutoka uani. Vijana walimwona anakuja, wakaacha kuchimba, wakasimama na majembe yao mbele ya kile kishimo kidogo. Hawakumtukana wala kumfukuza. Walisimama tu mpaka alipogeuka. Aliyetengwa kwa kutochimba kaburi alikuwa amekatazwa kuchimba kaburi, na hakuna hata mmoja wao aliyeona jambo hilo lina kichekesho.

Siku ya pili baada ya maziko Landrova ilionekana vumbini. Afisa wa wilaya anakuja kuangalia uharibifu, na jua linawaka kama halijawahi kusikia habari ya mvua. Atakaa wapi? Silvesta alikuja bondeni mbiombio, nyuma yake banamhala wawili wanahema. Walisimama nje ya uzio. Silvesta akakohoa.

"Mwangaluka, shemeji. Nzengo imekaa. Mmesamehewa."

"Imekaa wapi?" Salvina aliuliza.

"Njiani hapo. Habari ya fahali tuiache."

Wakavuka uzio. Ilikuwa rahisi namna hiyo, hatua moja tu ya mguu. Salvina alitamani awarudishe kwa mchi, lakini gari lilikuwa limeshafika na Felician ameshatoa viti. Afisa aliketi kivulini, akapewa maziwa mgando, akasifu mabati. Wakamleta na Anisia, kwa kuwa kijijini ni mtoto wake tu aliyekufa. Bibi Mbuke alikaa karibu yake.

"Poleni sana," afisa alisema. "Kwa hiyo kisulisuli kimeua mtoto mmoja."

"Mmoja, mzee," Silvesta alijibu. "Upepo huo."

"Upepo ulikuwa umeshapita," alisema Salvina. Alisimama mlangoni na kibuyu cha maziwa mkononi. "Mtoto alikufa alfajiri, kwa baridi. Nyumba hii uliyokaa, bwana afisa, ilikuwa wazi na moto unawaka. Nilimfuata mtoto, wakaninyima."

Watu wote walitazama chini. Afisa alisita, kikombe kikiwa karibu na mdomo. Hakuwa mtu mbaya, alimgeukia mama wa mtoto na kumuuliza kwa upole, "Mama, ni kweli anayosema huyu?"

Anisia alimtazama mumewe. Akamtazama mkwewe. Mwisho akamtazama dada yake, kwa mara ya kwanza macho kwa macho tangu siku ile walipotengwa.

"Ni upepo, bwana," alisema. "Ulikuwa mkali sana."

Afisa akatikisa kichwa kwa huzuni, akanywa, akanyoosha kikombe aongezewe. Na Salvina, ambaye sasa alikuwa mtu tena katika watu wa Mwashigulu, akaja na kibuyu akammiminia.