Chifu na Bakuli la Nyama Mbichi

Kwa muda wote aliopikia bweni la wanafunzi, mzee yule hakuwahi kupakua chakula kibichi. Sasa, akiwa amestaafu, alisimama mbele ya meza ya jikoni kwake akikatakata moyo na maini ya ng'ombe kwa uso wa mtu anayelazimishwa kutoa ushahidi wa uongo.

Mbwa wake, Chifu, alikuwa amejikuna hadi manyoya ya mgongoni yakanyonyoka. Daktari wa mifugo alisema kisa ni makombo yenye vitunguu na viungo, akaeleza namna ya kumwandalia nyama mbichi. Chifu hakutaka hata kuigusa.

"Baba, leo ndiyo leo," alisema binti yake, kamba ya mbwa mkononi. "Asipokula, nampeleka kwangu. Akibaki hapa utamtilia mchuzi tu."

"Mimi? Mchuzi?"

"Jana nimenusa masharubu yake, Baba. Yananukia bizari."

Tangu mzee afiwe na mkewe, Chifu ndiye aliyemfuata chumba hadi chumba na kumsikiliza akigombana na redio. Bila mbwa huyo, nyumba ingempwaya kama koti la kuazima.

Akaweka bakuli sakafuni. Chifu akanusa, akaketi, akamkodolea macho bwana wake.

"Kula, mwanangu. Usiniangushe mbele ya dada yako."

Chifu hakutikisika.

"Anaona hakijaiva," mzee alinong'ona.

"Baba!"

"Namsemea tu."

Binti akainama kumfunga kamba. Mzee, roho juu, akalinyakua bakuli, akalirudisha mezani, akaikoroga upya ile nyama. Na mkono, ukifanya ulichozoea kabla ya kila upakuaji, ukachota kijiko ukakipeleka kinywani. Akatafuna. Akatikisa kichwa kuridhia.

"Umekula nyama mbichi?"

"Nimeonja. Chumvi hamna kabisa."

Lakini Chifu alikwisha kuinuka, mkia ukifagia sakafu. Bakuli liliporudi chini, alilivamia kama anayelidai deni. Hapo ndipo mzee alipong'amua: tangu utoto wake, mbwa huyu hajawahi kupewa chakula ambacho mpishi hajakionja.

"Umeona? Amekula. Mambo yamekwisha."

"Na kesho utaonja tena? Unataka minyoo?"

"Basi kesho onja wewe."

Binti akachota nyama iliyobaki mezani, akakisogeza kijiko hadi karibu na midomo. "Mmh, tamu!" akasema, akaiweka bakulini. Chifu akamtazama yeye, akakitazama kijiko, akageukia ukuta.

"Huyo hadanganyiki," mzee alisema kwa fahari. "Amelelewa jikoni."

Binti akashusha pumzi, akawasha jiko. Kipande cha baba kikakaangwa. Cha mbwa kikabaki kilivyo. Mzee akaketi, akatafuna maini yake polepole, kwa heshima zote. Chifu akasubiri hadi alipomeza, kisha akainamia bakuli.

"Haya, anabaki," binti alisema. "Lakini kila mlo, Baba, chako kiive, chake kisiguse moto, na uanze wewe."

"Sawa, mama," mzee akajibu, mdomo umejaa. Chifu naye hakuwa na pingamizi.