Kicheko cha Sharbani

Kwenye studio zetu za filamu za Tollygunge, hapa Kolkata, mwigizaji akifa ndani ya filamu, lazima ainuke papo hapo, aitazame kamera na acheke. Kicheko hicho tunakibandika mwisho kabisa, baada ya majina. Sinemani mama zetu hawakunyanyuka mpaka wakione. "Haya, mzima huyo," walisema, ndipo wakatafuta viatu.

Mdogo wangu Sharbani alikufa vizuri mno. Picha yake tukaivisha shada jeupe la marehemu, ubani ukafuka, kisha akainuka akacheka. Mimi ndiye mhariri. Kicheko nilikibandika kwa mkono wangu. Lakini kumbi zetu zimefungwa siku hizi, kwa hiyo filamu ikaenda kwa kampuni ya mtandaoni.

Wiki ya kwanza waliitazama watu laki tatu. Wiki ya pili Sharbani akaanza kutetemeka kwa baridi. Kolkata, mwezi wa tano! Sisi jasho linatutiririka, yeye kajifunika blanketi. Daktari hakuona kitu.

"Dada, muuza samaki kanipita kama hanioni."

"Acha maigizo, wewe. Kula wali."

Nilimjibu hivyo, mungu wetu Mama Kali anisamehe.

Mchana huo nikaifungua filamu kwenye simu. Akafa. Majina yakaanza kupanda, mara kijisanduku kikachomoza: filamu inayofuata, tano, nne, tatu. Nyingine ikaingia. Watu laki tatu wamemwona akifa, na hakuna hata mmoja aliyemwona akiamka!

Nikampigia bwana wa kampuni.

"Dada, majina hayatazamwi na mtu. Takwimu ndizo zinazosema."

"Na hizo takwimu zako zina mdogo wao anayetetemeka?"

Nilimporomoshea maneno mpaka akasalimu amri: nilete nakala mpya, kicheko kitangulie majina.

Nikaketi kwenye mashine ya kuhariri, nikafungua picha zetu za siku tuliyomrekodi akifa. Shada lipo. Ubani unafuka. Kitanda kipo, mto umebonyea mahali pa kichwa. Sharbani hayumo.

Nikakwapua kamera, nikakimbilia chumbani kwake. Blanketi lilikuwa limetuna kitandani.

"Sharbani, cheka! Cheka, mdogo wangu, nakuomba!"

"Si ndiyo nacheka, dada," sauti yake ikajibu, hapo hapo karibu.

Kwenye kioo cha kamera blanketi lilikuwa linashuka polepole, kama lisilo na mtu ndani yake. Nikaendelea kurekodi.