Tetemeko Lililokawia

Kiomboi, wilayani Iramba, ardhi hutikisika mara kwa mara, na nyumbani kwa Fabiano walikuwa na kipimo chao, alichokirithi kwa baba yake: tazama ndoo ya maji. Yakimwagika, tokeni nje. Yasipomwagika, endeleeni kula. Watoto wake walikua hivyo, wakiwacheka wageni waliokurupuka nje na mashuka viunoni.

Kwa hiyo alasiri ile, Eliana alipopiga simu, Fabiano hakuinuka hata kitini. Eliana ndiye kitinda mimba wake. Kanisa lilikuwa limempeleka kufundisha chekechea katika kisiwa kimoja huko Indonesia. Alisema ardhi imetikisika, si kwa nguvu, ila imekawia sana kutulia, kama mtu anayebembeleza mtoto. Baadhi ya wenyeji walikuwa wanapanda kilimani, naye alikuwa njiani pamoja nao.

"Maji ya ndoo yamemwagika?" Fabiano aliuliza.

"Hapana, baba. Yamecheza tu."

"Sasa unakimbia nini, mama? Mtoto wa Iramba unakimbizwa na kitetemeko kisichoamsha hata kuku? Rudi ndani ule, usinitie aibu."

Eliana akacheka. Akasema haya baba, msalimie mama. Akageuka, akarudi.

Bahari iliifikia nyumba ya Eliana kabla chai ya Fabiano haijapoa.

Mwili haukupatikana. Walikaa msiba usio na kaburi, turubai uani na picha yake mezani, na siku zote hizo Fabiano hakutoa chozi. Swali moja lilikuwa limemkaba: tetemeko dogo vile lingeletaje maji makubwa vile? Alitaka mtu amwambie kwamba haiwezekani, kwamba hayo yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana, na neno lake halikumuua mtu.

Waombolezaji walipotawanyika alimwita Nathan, mwanawe wa kwanza, mwalimu wa jiografia. Nathan alijaribu kusema ni mipango ya Mungu. Fabiano akamkatiza: kanisani anakwenda kila Jumapili, leo amemwita mwalimu.

Nathan akavuta kigoda, akaeleza.

"Tetemeko lilitokea karibu na uso wa sakafu ya bahari, baba, si kina kirefu. Miamba ya pale ni laini, inateleza polepole. Aliye nchi kavu anahisi kidogo tu. Lakini sakafu yenyewe imeinuka, na maji yote yaliyo juu yake yameinuka nayo."

"Kwa hiyo mtu angejuaje?"

"Kwa kukawia kwake. Likiwa dogo na haliishi, unakimbilia juu."

"Na wale waliopanda kilimani?"

Baba yake alimkazia macho mpaka akajibu.

"Wako hai, baba."

Dorkas, mkewe Fabiano, alikuwa hatua chache kutoka pale akipepeta mtama. Tangu habari zifike hakuwa amemlaumu mumewe hata mara moja. Sasa aliuweka ungo chini.

"Mtoto yule hakukupigia akuulize kipimo, baba Nathan," alisema taratibu. "Kipimo alikijua. Alikupigia kwa sababu alikuwa anaogopa."

Fabiano alifungua kinywa amjibu, na kilio kikatoka badala ya neno. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakisikia, na Dorkas hakumwambia anyamaze.